Safari ya Uwindaji ya Siku 21: Ipimwe kwa Wanyama Iliowaacha Hai

Kifurushi kikubwa kinachouzwa na kampuni za uwindaji wa kitalii Tanzania ni cha siku 21. Mgeni anapata kitalu (eneo la pori lililotengwa kwa uwindaji), kambi, mwindaji bingwa anayemwongoza, wafuatiliaji nyayo wawili au zaidi, dereva, wachuna ngozi, mpishi, na orodha ya wanyama anaoruhusiwa kuwapiga, simba na nyati wakiwa juu ya orodha. Askari wa wanyamapori huambatana na msafara kwa mujibu wa sheria. Kuna vifurushi vifupi, kama cha siku 10, kwa anayetaka nyati na swala tu. Tathmini hii inahusu kile cha siku 21, kwa kuwa ndicho kinachogusa wanyama ambao kifo cha dume mmoja huvuruga familia nzima.

Huduma hii ina wateja wawili. Wa kwanza analipa dola. Wa pili ni kijiji kilichotoa ardhi, hasa kitalu kinapokuwa ndani ya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, yaani ardhi ambayo vijiji vimeitenga pamoja kwa ajili ya wanyama, na huyu ni nadra kuulizwa kama ameridhika. Kiongozi wa kijiji anayekaa meza moja na mwekezaji ndiye tuliyemfikiria zaidi tulipoandika.

Swali la kwanza la kuiuliza kampuni yoyote ni hili: mwaka jana mlipewa mgawo wa simba wangapi, na mkawapiga wangapi? Kampuni iliyopewa wawili ikampiga mmoja, au ikarudi mikono mitupu, na ikaweza kueleza sababu ya kila siku iliyopita bila mlio wa bunduki, tunaipa alama za juu kuliko ile iliyomaliza mgawo miaka mitano mfululizo. Mgawo ni kikomo. Anayeuchukulia kama deni la kulipwa kabla msimu haujafungwa atapiga dume la miaka minne na kuliita mzee.

Simba

Umri una uzito kuliko jambo jingine lolote hapa. Dume anayemiliki kundi ndiye ngao ya watoto wake. Akiondolewa kabla hawajafikisha miaka miwili hivi, madume wageni huingia, huwaua watoto, na majike hurudi kuwa tayari kupandwa baada ya muda mfupi. Mgeni amelipia simba mmoja, lakini waliokufa ni zaidi ya mmoja, na hao wengine hawaandikwi popote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliojengwa juu ya kumbukumbu za muda mrefu za simba wa kaskazini mwa Tanzania, ulionyesha kwamba madume wakipigwa baada ya kufika miaka 5 au 6 tu, idadi ya simba inaweza kuhimili uwindaji. Hifadhi ya Niassa, Msumbiji, ilianza kutumia kigezo cha miaka 6 mwaka 2006, na Tanzania nayo ikakiingiza katika kanuni zake.

Sasa umri unasomwaje kwa simba aliye hai, mita 60 mbele, jua likizama? Alama inayotajwa sana ni pua. Simba mdogo ana pua ya waridi, kisha madoa meusi huongezeka mwaka hadi mwaka, na nusu ya pua ikishakuwa nyeusi, dume huyo anakaribia au amepita miaka mitano. Alama hii ni nzuri ila inadanganya. Pua iliyotoka kwenye mzoga ina damu, na damu iliyokauka huonekana kama weusi. Vumbi hufanya vivyo hivyo. Tena kasi ya pua kuwa nyeusi haifanani kila mahali, hivyo picha za Serengeti zisitumike peke yake kumhukumu simba wa kusini.

Manyoya ya shingoni nayo yana mtego wake. Wageni wengi wanaamini manyoya mengi meusi ni uzee. Simba wa nyanda za joto, kama wa Selous, huwa na manyoya haba hata wakizeeka, na dume la nyanda za juu zenye baridi linaweza kuonekana la kifalme likiwa bado kijana. Mwindaji bingwa anayejua kazi hutazama uso mzima: makovu mengi kuanzia machoni hadi mdomoni, midomo ya chini iliyolegea, meno ya njano yaliyovunjika au kulika ncha, tumbo lililoshuka. Alama mbili zikikubaliana na ya tatu ikakataa, dume linaachwa. Baada ya kifo, meno hupigwa eksirei, maana uwazi ulio ndani ya jino hupungua kadiri mnyama anavyozeeka. Kipimo hicho ni kigumu kukidanganya, lakini kinakuja wakati dume limeshakufa, ndiyo maana kampuni inayojitetea kwa kusema «tutaona kwenye meno» haistahili kitalu.

Chambo huwagawa watu. Wapo wanaokiona ni kumlaghai mnyama. Kwa simba, tunakubaliana nacho kwa sababu moja tu: kinampa mwindaji muda wa kumtazama. Kikiwekwa vizuri, paja la nyati au kongoni hufungwa kwa mnyororo kwenye tawi, juu kiasi cha simba kulazimika kunyanyuka ili fisi wasilimalize, na matumbo huburutwa ardhini kueneza harufu. Kibanda cha kuvizia hujengwa mita 50 hadi 70, upande ambao upepo unatoka kwenye chambo kuja kwa watu. Kamera ya kujipiga yenyewe hufungwa kwenye mti wa jirani. Picha za siku tatu huonyesha kama dume lina majike na watoto, na kama anao wadogo, mjadala umekwisha. Kambi isiyo na kamera za namna hii inakisia, na mwaka huu hakuna sababu ya kukisia.

Chambo kikiwekwa vibaya ni wizi. Kukitundika karibu na mpaka wa hifadhi ya taifa ni kumvuta mnyama kutoka mahali alipolindwa. Cecil, simba wa Hwange nchini Zimbabwe aliyeuawa Julai 2015, alikuwa na kola ya kufuatilia nyendo zake, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, shingoni. Alipigwa mshale kwanza, akakaa na jeraha kwa saa nyingi kabla ya kumaliziwa. Alikuwa na umri wa miaka 13 hivi, kwa hiyo hoja ya umri pekee isingemtetea. Kilichoudhi watu ni mahali, namna alivyovutwa, na urefu wa mateso yake. Hayo matatu yanapaswa kuulizwa kwa kila kitalu kinachopakana na hifadhi, kuanzia na mahali: chambo cha karibu zaidi kiko kilomita ngapi kutoka mpakani, na nani anayekikagua?

Halafu kuna siku ya 18. Mgeni amebakiza siku tatu, simba mzee hajaonekana, na asubuhi dume zuri la miaka minne limesimama barabarani. Hapo maadili ya kampuni yote yanamwegemea mtu mmoja, na mtu huyo analipwaje? Kama mwindaji bingwa na wafuatiliaji wanapata nyongeza kwa kila nyara, kampuni imeshawaagiza wapige. Mpango tunaoukubali ni posho ya siku isiyobadilika, mnyama apatikane asipatikane, na bahshishi ya mgeni igawanywe sawa kwa timu nzima mwishoni. Ombeni kuuona mkataba wa mwindaji bingwa. Anayekataa kuuonyesha ameshajibu.

Tembo wa mpakani

Kwa tembo, sheria inataka pembe isiyopungua kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Kigezo hicho kilikusudiwa kuwalinda vijana, lakini kinaelekeza bunduki kwa wazee wenye pembe kubwa, na kwa tembo wazee ndio wanaozaa zaidi. Dume la tembo hufika kilele cha uzazi baada ya miaka 35 na kuendelea, na madume vijana hutulia wakiwa karibu na wakubwa. Tembo wa Amboseli, Kenya, wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu 1972, na wengi wao huvuka hadi Enduimet, jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori iliyo upande wa Tanzania, Kilimanjaro Magharibi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na makubaliano yasiyo ya sheria kwamba madume hao wasipigwe. Kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 taarifa za madume wenye pembe kubwa kupigwa huko ziliwashtua wahifadhi wa nchi zote mbili. Kuwa na leseni halali hakukuondoa swali. Mnyama aliyezoea magari ya watalii wenye kamera, asiyekimbia binadamu, hawindwi; anachukuliwa tu. Tungependa kifurushi chochote kinachotaja tembo wa ukanda huo kikataliwe na jumuiya yenyewe.

Nyati, na ufundi wa kuua bila kutesa

Nyati ndiye anayebeba hesabu za kambi, na ndiye anayejeruhiwa vibaya zaidi. Dume linalofaa lina pembe zilizokutana juu ya paji na kukomaa kuwa ngumu kama jiwe, bila nywele wala ulaini katikati. Pembe pana zenye katikati laini ni za kijana ambaye bado hajamaliza kazi ya kuzaa. Mapana ya pembe humvutia mgeni, lakini ugumu wa katikati ndio unaosema ukweli. Wazee waliokwisha kujitenga na kundi, wawili watatu kwenye mabonde yenye tope, ndio wa kutafutwa.

Siku ya kwanza kambini bunduki ipimwe shabaha, na hapa kampuni hutofautiana sana. Nzuri humweka mgeni kwenye fimbo tatu za kuegemeza, si kwenye meza, apige ubao mita 50 kisha mita 100. Risasi tatu zikishindwa kukaa ndani ya upana wa kiganja mita 50, hatoki kambini siku hiyo. Bunduki ya kaliba .375 ndiyo ya chini inayoruhusiwa kwa wanyama hatari, na wengi wanaikuta inatosha. Mgeni anayekuja na bunduki kubwa inayomtisha mwenyewe hufumba macho anapovuta, na nyati hulipa.

Moyo wa nyati uko chini kuliko watu wanavyodhani. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kutoka chini kwenda juu na usimame kwenye theluthi ya chini ya mwili. Kosa la kawaida ni kupiga juu, kwa sababu mifupa ya mgongo juu ya mabega ni mirefu na hufanya mwili uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Risasi hupita juu ya mapafu na mnyama hukimbia akiwa na kidonda kisichoua haraka. Kosa la pili ni kupiga nyuma sana, tumboni. Kupiga kutoka garini ni kosa la jinai, na anayekubali kufanya hivyo mchana atakubali na kurunzi usiku.

Baada ya mlio, timu nzuri hukaa kimya kwa nusu saa hivi. Mara nyingi nyati anayekufa hutoa mlio mrefu, na wote hujua. Usiposikika, damu husomwa: nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, atakuwa karibu, nzito yenye weusi ni ini, majimaji yenye majani yaliyosagwa ni tumbo, na hapo kuharakisha ni kumsukuma kilomita nyingi na kuhatarisha watu. Mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa kama amepigwa, ada yake hulipwa, na kufuatiliwa si hiari. Muulize mfuatiliaji nyayo, pembeni, msimu uliopita waliacha wangapi porini. Atajua idadi kamili hata kama daftari halina.

Kuna jambo ambalo kambi nyingi bado hazijaligusa: kichwa cha risasi kimetengenezwa kwa madini gani. Vile vyenye kiini cha madini ya risasi hupasuka ndani ya nyama na kutawanya chembe ndogo, nyingine mbali na kidonda, kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Nyama hiyo inakwenda kijijini, na kwa mtoto hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama. Matumbo yanabaki porini, tai wanakuja. Utafiti wa Botswana uliwakuta tai wengi na madini hayo kwenye damu, zaidi katika maeneo na msimu wa uwindaji. Vichwa vya shaba tupu hupanuka kama ua na kubaki kipande kimoja. Ni ghali zaidi, huacha mabaki kwenye mtutu hivyo mtutu usafishwe mara kwa mara, na bunduki lazima ipimwe upya kwa kuwa haviangukii pale vilipoangukia vile vya zamani. Uzito unaweza kushuka pia. Badala ya greini 300 za kawaida za .375, yaani gramu 19 hivi, shaba ya greini 270 hupenya vya kutosha. Tungelifanya hili sharti la kijiji, si ombi.

Nyama

Dume la nyati lenye kilo 700 hutoa nusu yake hivi baada ya kuchunwa na kutolewa matumbo, mifupa ikiwemo. Ni chakula cha watu wengi, na hoja ya uwindaji hujengwa juu yake, kwa hiyo ishughulikiwe kama chakula. Kwenye joto, matumbo yatoke ndani ya saa moja. Nyama ikae kivulini, ikatwe vipande vinavyoweza kupoa, isirundikwe ikiwa na moto wake wa mwili chini ya turubai la gari kwa saa nne, jambo linalotokea kila mara nyara inapopewa kipaumbele. Eneo la kidonda likatwe kwa ukarimu na kutupwa mbali na watoto na mbwa. Mnyama aliyekutwa amekufa mwenyewe, damu isiyoganda ikitoka puani au njia ya haja kubwa, asipasuliwe kamwe. Huenda ni kimeta, na aitwe daktari wa mifugo.

Vijiji vyenye Waislamu wengi vina suala la kuchinja. Katika timu nyingi, mfuatiliaji Mwislamu hukimbia na kisu kabla roho haijatoka. Mgeni anayetaka kichwa na shingo vya ukutani hulalamika kuwa ngozi imekatwa. Suluhu ni kuafikiana siku ya kwanza, kwani mtaalamu wa kukausha wanyama anaweza kushona mkato huo usionekane. Kambi inayowakataza kuchinja kwa ajili ya picha ya mgeni, kisha ikagawa nyama ileile kijijini bila kusema, imevunja imani ya watu, na hili tunalihesabu sawa na kupiga mnyama asiyeruhusiwa.

Je, inalinda pori?

Kampuni zitasema bila wao pori lingegeuka mashamba. Kuna ukweli ndani yake: miombo yenye mbung'o na maji haba haivutii watalii wa picha, na pori lisilo na mapato lina maadui wengi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha wanyama wake wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu wakati huo, kwa sababu ya mashamba, uzio, mifugo na ujangili. Marufuku peke yake haikuwaokoa. Lakini Tanzania yenye uwindaji ilipoteza tembo kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitoka kusini, penye vitalu. Kuwepo kwa kambi, kwa hiyo, hakutoshi kuitwa ulinzi. Ulinzi una hesabu zake: siku ngapi za doria nje ya msimu wa wageni, mitego mingapi ya nyaya imeondolewa, askari wangapi wa kijiji wanalipwa mwezi wa Aprili wakati hakuna mgeni. Kampuni ikikosa namba hizo, haiuzi uhifadhi.

Alama zetu kwa huduma kama inavyouzwa sasa, juu ya 10: ufundi wa wafuatiliaji nyayo 9, na hawa ndio wanaolipwa kidogo kuliko wote, utambuzi wa umri wa simba 6, kutokana na tofauti kubwa kati ya kambi na kambi, ushughulikiaji wa nyama 5, uwazi wa fedha kwa vijiji 3. Kwa risasi za madini ya risasi, 2.

Kijiji kinachotaka kuendelea na mwekezaji kiandike daftari lenye safu nne: tarehe, mnyama, aliyepiga, na sababu ya kila mnyama aliyeachwa. Kila jioni lisainiwe na mwindaji bingwa, askari wa wanyamapori na mfuatiliaji nyayo mmoja, kisha mwisho wa safari nakala ibaki ofisi ya kijiji.